Mbele ya runinga nalala fofofo, nikiingia kitandani macho kodo. Tatizo ni nini?

#1 KochiKuukuu
Wakuu, salaam. Naomba msaada. Atakayecheka acheke, ila ajibu kwanza.

Kila usiku ni yale yale. Taarifa ya habari ikianza, nipo. Michezo, nipo. Ikifika hali ya hewa, yule mtangazaji akinyoosha tu mkono kuelekea ramani, mimi sipo tena. Wiki nzima hii sijui kesho yake kuna mvua au jua. Nalala nimekaa, kichwa begani, mdomo wazi, rimoti kifuani. Utamu wa usingizi ule siwezi kuusimulia. Baadaye mwenzangu ananitikisa, "Hebu nenda kitandani." Naenda. Nikishajifunika shuka, usingizi haupo! Nakumbuka deni la mwaka juzi. Nakumbuka mtu aliyenijibu vibaya mwezi uliopita, natunga jibu zuri ambalo ningempa. Hadi saa nane usiku.

Kitanda ni kizuri, godoro halijamaliza mwaka. Kochi ndilo limebonyea katikati kama kikaango. Sasa kwa nini?

#2 MamaRimoti
Nimecheka hadi nimeamsha mtoto. Huyo uliyemweleza ni baba watoto wangu kabisa. Na ole wako uzime runinga! "Nilikuwa naangalia!" Ulikuwa unaangalia nini, baba, macho yamefumba na unakoroma?

#3 NesiWaZamu
MamaRimoti, usimwonee. Usingizi wa mwanzo ni mwepesi mno, mtu akiamshwa hapo anaweza kuapa kwamba hakulala. Hadanganyi, anaamini anachokisema.

Kwako mleta uzi: tangu unapoamka asubuhi, ubongo unarundika kitu kinaitwa adenosini. Kadiri unavyokaa macho ndivyo inavyoongezeka, na hiyo ni sehemu kubwa ya ule mzigo unaokulemea jioni. Ukisinzia kochini kuanzia saa tatu hadi saa nne, umeshapunguza mzigo. Unafika kitandani unadai usingizi ambao sehemu yake umeshaitumia sebuleni.

#4 MbishiMstaafu
Nesi, hapo nakataa. Saa moja inamalizaje uchovu wa siku nzima? Mimi kila siku nasinzia mchana na usiku nalala vilevile.

#5 NesiWaZamu
Shikamoo mzee. Sijasema inamaliza, nimesema inapunguza. Halafu ukisinzia saa nane mchana una saa nyingi mbele yako za kurundika upya. Ukisinzia saa tatu usiku huna.

#6 PopoMchana
Mnazunguka bure. Ni mwanga wa vioo. Mwanga wa buluu unazuia melatonini, ile homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Zima kila kitu chenye kioo saa mbili kabla ya kulala. Uzi ufungwe.

#7 KochiKuukuu
Popo, kama ni mwanga wa runinga, mbona mbele ya mwanga huohuo ndipo ninapolala? Chumbani ni giza totoro na huko ndiko ninakokesha.

#8 MpigaMiayo
Hahaha! Goli la kichwa hilo. Popo, tunakusubiri.

#9 PopoMchana
Nipo, sijakimbia. Mwanga unaisogeza saa ya mwili polepole, haumzuii mtu aliyechoka kusinzia. Na ukweli ni kwamba runinga iko mbali, ukutani. Mwanga unaofika jichoni ni kidogo ukilinganisha na kitu ulichokishika shubiri moja kutoka usoni. Kwa hiyo swali langu kwa mleta uzi: ukifika kitandani unashika simu au hushiki? Sema kweli.

#10 KochiKuukuu
Naangalia saa tu.

#11 MamaRimoti
"Saa tu." Haya.

#12 KimyaKingi
Huwa nasoma napita, ila hapa lazima niandike kwa sababu nimeteseka na hili miaka mitatu.

Mimi nilikuwa nasinzia popote isipokuwa kitandani. Kwenye gari, kwenye foleni, mkutanoni, hata kwenye kiti cha kinyozi. Mtaalamu niliyemwendea akaniambia kitanda changu kimeshakuwa ofisi: nalipia bili humo, nagombana na watu humo, nawaza humo. Mwili umejifunza kwamba pale ni mahali pa kuwa macho. Kochini hakuna anayekudai usingizi, kwa hiyo unakuja wenyewe.

Dawa yake si kidonge, ni masharti. Aliyeyapanga ni mwanasaikolojia anaitwa Richard Bootzin, mwaka 1972, na hadi leo wataalamu wanayatumia. Usipande kitandani mpaka usinzie kwelikweli. Kitandani ni kulala (na lile jambo la wakubwa), basi. Ikipita kama robo saa huoni dalili, inuka, toka chumbani, rudi ukisinzia. Na asubuhi uamke saa ileile hata kama umelala dakika kumi.

Wiki ya kwanza nilitembea kama mzuka. Nilimchukia yule mtu. Wiki ya tatu nikaanza kulala.

#13 MbishiMstaafu
Utoke chumbani uende wapi? Kochini! Si ndiyo tumerudi tulikotoka?

#14 KimyaKingi
Mzee, unakaa kwenye kiti kigumu, taa hafifu, unafanya kitu kisichosisimua. Mimi nilikuwa nakunja soksi. Nyumba nzima soksi zilikuwa zimekunjwa.

#15 MpigaMiayo
Mbona mimi natumia masharti kinyume chake na yanafanya kazi? Nikiingia kitandani najiambia "leo silali, nabaki macho hadi asubuhi." Nafungua macho kwa makusudi. Dakika kumi sipo. Nadhani tatizo ni kule kuutafuta. Mbele ya runinga hakuna anayetafuta usingizi, kila mtu anatafuta mwisho wa tamthilia.

#16 KiunguliaSugu
Hakuna aliyeuliza swali la maana: kochini analala vipi? KAKAA. Kitandani? Kalala chali.

Mimi nililala kochini karibu mwaka mzima, watu wakadhani nimefukuzwa chumbani. Kumbe nikilala bapa, tindikali ya tumbo inapanda hadi kooni. Siyo lazima uhisi moto wa kiungulia, wakati mwingine ni kikohozi na kushtukashtuka tu. Nikainua kitanda upande wa kichwani kwa vipande viwili vya mbao chini ya miguu yake. Nilijaribu kuongeza mito kwanza, ila mito inakunja tumbo na kuzidisha. Tangu hapo nalala.

#17 NesiWaZamu
#16 ana hoja nzito kuliko zetu wote. Naongezea mawili. Anayekoroma sana, pumzi ikawa inakatika kisha anashtuka kama aliyekabwa, halafu mchana anasinzia kila akikaa: njia ya hewa inajifunga usingizini, na kulala chali kunaongeza tatizo. Huyo apimwe. Na mtu ambaye akilala bapa anakosa pumzi hadi aketi, hasa kama miguu nayo inavimba, asisubiri ushauri wetu hapa. Aende hospitali, moyo uangaliwe.

MamaRimoti, huyo baba watoto anayekoroma msikilize vizuri usiku mmoja.

#18 MamaRimoti
Umenitisha, ila asante. Leo nakesha nikimsikiliza.

#19 MpigaMiayo
Na wewe ukikosa usingizi uje ufungue uzi wako.

#20 DishiPinda
Mie fundi wa madishi, naona mambo mengi sebuleni kwa watu. Kinachowalaza ni sauti. Sauti ya taarifa ya habari imenyooka, haipandi haishuki, inafunika kelele zingine: mlango, mbwa, jirani. Ukiingia chumbani, kimya. Katika kimya kila kitu kinasikika, hata saa ya ukutani. Mnakumbuka usiku wa mvua mnavyolala? Ni kitu kilekile.

Na mtambue kinachowaamsha ni matangazo ya biashara. Yanapiga kelele kuliko kipindi chenyewe. Marekani walichoka, wakatunga sheria mwaka 2010 kwamba tangazo lisizidi sauti ya kipindi linalokiingilia.

#21 KochiKuukuu
Ya mvua ni kweli kabisa. Mvua ikinyesha hata kitandani nalala. Tatizo mvua ikinyesha runinga yangu inakata picha. Fundi, upo hapahapa, nielekeze na hilo bila malipo.

#22 DishiPinda
Nilijua tu nitafanyishwa kazi ya bure.

Setilaiti yako iko kilomita 35,786 juu. Mawimbi yanakuja umbali wote huo salama, halafu yanashindwa na zile kilomita chache za mwisho zenye mawingu na matone. Masafa yanayotumika kwenye madishi madogo, yale ya kama gigahezi 12, matone ya mvua yanayanyonya na kuyatawanya. Yale madishi makubwa ya zamani yalitumia masafa ya chini, kama gigahezi 4, ndiyo maana yalivumilia mvua. Mvua kubwa sana, subiri dakika kumi. Ila kama hata manyunyu yanakata, dishi lako limesogea kidogo, huna akiba ya nguvu. Siku ya jua unaona picha safi kumbe uko ukingoni.

#23 PopoMchana
Kwangu maji yaliingia kwenye kiungio cha waya kule juu. Kila mtu alisema dishi limesogea, tukalizungusha hadi tukalipoteza kabisa. Angalieni waya kwanza.

#24 MbishiMstaafu
Na mimi inakata JUANI, anga jeupe pee, mchana. Hiyo nayo ni mvua?

#25 DishiPinda
Mzee, ilikuwa mwezi wa tatu au wa tisa?

#26 MbishiMstaafu
Wa tatu. Umejuaje?

#27 DishiPinda
Siku chache karibu na Machi na Septemba, jua linapita nyuma ya setilaiti kama unavyoiona kutoka kwako. Dishi linaitazama setilaiti na jua kwa pamoja, na kelele za jua zinameza mawimbi. Ni dakika chache tu, kesho yake tena muda uleule, kisha linahama. Kuna watu wamenunua ving'amuzi vipya kwa ajili ya hilo.

#28 MbishiMstaafu
Mimi mmoja wao. Tuendelee.

#29 GotiLaKulia
Kwa kuwa tumefika kwenye mvua: mimi sihitaji mtangazaji wala ramani. Goti langu nililoumia mpirani linajua mvua siku moja kabla. Likianza kuvuta kwa ndani, naingiza nguo. Kwa mleta uzi anayelala kabla ya hali ya hewa, nitumie ujumbe nikutabirie.

#30 MamaRimoti
Mungu wangu, ungekuwa jirani! Juzi wamesema mvua asilimia 30, nikaanika mashuka. Yakalowa yote. Asilimia 30!

#31 WinguJeusi
Nimewahi kufanya kazi ya kusoma vipimo vya mvua, niruhusuni nijitetee. Asilimia 30 haina maana kwamba haitanyesha, wala kwamba itanyesha theluthi ya siku. Maana yake chukua siku kumi zenye hali kama ile, tatu kati yake utalowa. Dada, ulianika kwenye mojawapo ya zile tatu.

#32 MbishiMstaafu
Kazi tamu hiyo! Ikinyesha, tulisema. Isiponyesha, tulisema. Mnakosea lini sasa?

#33 WinguJeusi
Tunakosea, mzee, na inaonekana. Kusanya siku zote tulizosema 30, uzihesabu. Kama imenyesha nusu yake, sisi waongo. Siku moja peke yake haiwezi kumhukumu mtu.

#34 PopoMchana
Goti ni fizikia ya kawaida. Kabla ya mvua mgandamizo wa hewa unashuka, hewa haiibani tena ngozi kama mwanzo, tishu zinavimba ndani ya kiungo, maumivu. Ni kama kupanda mlima, kila mita 100 unapoteza hektopaskali moja, yaani kile kipimo cha mgandamizo wa hewa.

#35 WinguJeusi
Sahihisho: si mita 100. Karibu na usawa wa bahari ni kama mita 8 tu kwa kila hektopaskali. Wastani pale ni 1013. Dhoruba kubwa inakuja ikiwa imeshusha labda 10, wakati mwingine zaidi.

#36 MbishiMstaafu
Ahaa! Asante kwa hesabu. Kwa hiyo jengo la ghorofa kumi, mita kama 30, ukipanda lifti umepoteza karibu 4 kwa nusu dakika. Ghorofa ishirini na tano, zaidi ya 9. Goti, ukiwa kwenye lifti unapiga mayowe?

#37 GotiLaKulia
Mimi napanda ngazi.

#38 MpigaMiayo
Na hilo goti?!

#39 NesiWaZamu
Msimcheke, hata watafiti hawajaelewana. Mwaka 1996 Donald Redelmeier na Amos Tversky walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 18 wa baridi yabisi kwa miezi 15. Wengi wao waliamini hali ya hewa inawaumiza, lakini takwimu hazikuonyesha uhusiano. Hoja yao ilikuwa kwamba tunakumbuka siku goti lilipouma na mvua ikaja, na tunasahau siku lilipouma jua likawaka. Halafu mwaka 2019 Uingereza wakatoa utafiti wa watu zaidi ya 2,600 waliokuwa wakiandika maumivu yao kwenye simu kila siku. Huo ukaona uhusiano: unyevunyevu, mgandamizo mdogo, upepo mkali. Ila ni mdogo. Siku nyingi maumivu yanakuja kwa sababu zake.

#40 GotiLaKulia
Huo mdogo ndio wangu.

#41 MamaRimoti
Mimi nadhani siku za mawingu tunakaa tu ndani mbele ya runinga, viungo vinakaza. Unakaa saa nne kwenye kochi lililobonyea halafu unasingizia wingu.

#42 NesiWaZamu
Mama, hilo nalo lipo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima atembee au afanye mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki. Wengi wetu hapa tunazipata kwa kutafuta rimoti.

#43 MbishiMstaafu
Rimoti ndiyo iliyotumaliza. Zamani ilibidi uinuke. Nakumbuka pia zamani habari za hali ya hewa zilikuwa na heshima. BBC walikuwa na mtangazaji wake tangu mwaka 1936.

#44 WinguJeusi
Mzee, 1936 walionyesha ramani na sauti tu, mtu haonekani. Mtu wa kwanza wa BBC kusimama mbele ya kamera na ramani yake moja kwa moja ni George Cowling, tarehe 11 Januari 1954. Na aliwaambia watazamaji kwamba kesho yake kutakuwa na upepo, siku nzuri ya kuanika nguo. MamaRimoti angempenda.

#45 MamaRimoti
Huyo alijua kazi.

#46 KiunguliaSugu
Samahani, tumefika 1954. Mleta uzi alilala?

#47 MpigaMiayo
Kimya tangu #21. Sisi tunabishana, mwenye shida kashalala mbele ya mchango wa Nesi.

#48 PopoMchana
Kabla hajarudi, nimsaidie: na kahawa ya jioni je? Nusu ya kafeini inabaki mwilini hata saa tano baada ya kunywa. Ukinywa saa kumi na moja jioni, saa nne usiku nusu bado inazunguka.

#49 NesiWaZamu
Na inaziba palepale adenosini inapotakiwa kufanya kazi. Ila kama kafeini ingekuwa ndiyo mkosaji, na kochini asingelala.

#50 PopoMchana
Kila nikileta jibu, kochi linaliharibu.

#51 KochiKuukuu
Nimerudi, wakuu, na nina ripoti ya jana.

Nilifuata kila mtu ili nisimuudhi yeyote. Kahawa sikunywa tangu mchana. Simu nilimkabidhi mwenzangu aifiche. Kitanda nimekiinua kwa mbao kama alivyosema Kiungulia. Kochi nililiacha, nikakaa kwenye kiti kigumu cha mbao, taa nimepunguza, na nikajiambia leo silali hadi nimwone yule wa hali ya hewa amalize.

Saa tatu kasoro mvua ikashuka. Picha ikakata katikati ya michezo. Nikasema nasubiri dakika kumi za fundi.

Nimeamka saa kumi na moja alfajiri. Palepale kitini. Shingo imekakamaa, lakini sijawahi kulala hivyo mwaka huu. Kitandani sikufika.

#52 DishiPinda
Mvua! Sauti ya mvua. Nilisema #20.

#53 KiunguliaSugu
Kakaa wima. Mnaona?

#54 MpigaMiayo
Alisema "leo silali". Ni #15 yangu neno kwa neno.

#55 PopoMchana
Simu ilifichwa na taa ikapunguzwa. Sina la kuongeza.

#56 GotiLaKulia
Goti liliniambia tangu asubuhi kwamba usiku kuna mvua, nikasahau kuandika hapa.

#57 MbishiMstaafu
Ungeandika ndiyo ungekuwa ushahidi. Sasa ni hadithi.

#58 KimyaKingi
Mnashangilia nini? Mtu ana kitanda kizuri na kalala kwenye kiti cha mbao. Kwa masharti yangu jana alifeli.

#59 MamaRimoti
Mimi nina swali moja. Huyo mwenzako alikuacha hapo hadi alfajiri?

#60 KochiKuukuu
Anasema alikuja mara tatu kuniambia nikalale. Mara zote tatu nimemjibu, "Niache, naangalia." Kioo kizima kimeandikwa "hakuna mawimbi".